Jibu: Kidonda cha ngumi kilichosababishwa na jino, kishonwe?
Ndugu, umeuliza kama mdogo wako ashonwe kidonda kidogo juu ya kifundo cha kidole baada ya kumpiga mtu ngumi ya meno. Kisishonwe! Ngumi ikiwa imekunjwa, jino huweza kupenya hadi kwenye kiungo. Akinyoosha vidole, kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) hurudi nyuma na kufungia bakteria ndani. Ndiyo maana kidonda cha nusu sentimita huweza kuharibu mkono. Akioshe sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka, aende kitengo cha dharura leo hii, asisubiri uvimbe. Aseme wazi kwamba ni jino. Wengi huficha, wakashonwa. Apigwe eksirei kutafuta kipande cha jino, asafishwe ndani, apewe antibiotiki ya amoksisilini yenye klavulaneti na chanjo ya pepopunda. Aulizie pia dawa za kinga ya VVU: zikihitajika, lazima zianze ndani ya saa 72 tangu alipoumia.