Kamba ya Sentimita 67

Juzi usiku, nikiwa nimeshapanda kitandani, uliingia ujumbe wa binti mmoja wa Urambo anayesomea optometria, yaani kazi ya kupima macho na kuandika miwani. Kwa ruhusa yake nanukuu sehemu ndogo: "Shikamoo kaka. Nimefeli vitendo. Nadharia nimewapita wenzangu wote. Naona aibu kurudi nyumbani." Niliusoma mara tatu, kwa sababu ukiondoa hiyo shikamoo, maneno hayo karibu yote niliwahi kuyaandika mimi mwenyewe mwaka 2016, nikamtumia kaka yangu hapa Tabora.

Najua kwamba wengi wenu mnaonisoma mnakitaka kile nilichokitaka mimi: usajili, leseni, chumba chako cha kupimia na sanduku la lenzi lenye jina lako. Hapa Tanzania kazi hii inaongozwa na Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na bila kusajiliwa huna ruhusa ya kumpima mtu macho na kumwandikia miwani, hata kama kijiji kizima kinakuita daktari.

Kwa upande wa nadharia nilikuwa moto wa kuotea mbali. Ungeniuliza kwa nini herufi ya mstari wa 6/6, ule ambao jicho zima husoma likiwa mita 6, kwenye ubao wa Snellen, ubao wa herufi wa kupimia macho, ina urefu wa takriban milimita 8.7, ningekujibu papo hapo kwamba ni lazima itengeneze pembe ya dakika 5 (dakika hapa ni sehemu moja ya 60 ya digrii) kwa jicho lililo mita 6 kutoka ubaoni, kisha ningekuchorea. Wenzangu walikuwa wakija chumbani kwangu usiku kuelekezwa. Nilijisikia mwalimu kabla sijawa mtaalamu.

Kwenye mtihani wa vitendo nilianza na retinoskopu, kifaa cha mkononi cha kumulika jicho ili kujua namba ya miwani. Kwa ambao bado hamjaishika, unakaa mbele ya mgonjwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, unamulika mboni yake, na unaona ndani yake mwanga wa rangi ya chungwa ukitembea. Mwanga huo ukitembea kuufuata mkono wako, unaongeza lenzi chanya. Ukienda kinyume, unaongeza hasi, mpaka mboni yote ijae mwanga na pasiwe na kinachotembea. Namba ya lenzi ulizofikia bado si ya miwani. Kama jicho lako lilikuwa sentimita 67 kutoka kwa mgonjwa, unatoa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.50, kama lilikuwa sentimita 50, unatoa 2.00. Nilitoa 1.50, nikaandika jibu kwa mwandiko mzuri, nikaweka kalamu chini.

Mtahini aliniuliza nilikuwa umbali gani. Nikasema, sentimita 67. Akaniambia nisiondoe mwili wangu pale ulipo, akatoa mfukoni utepe wa fundi cherehani, akaunyoosha kutoka kwenye paji la uso wangu hadi kwenye fremu ya majaribio, ile ya kuwekea lenzi usoni mwa mgonjwa. Ilikuwa 48. Hofu ilikuwa imenivuta mbele bila mimi kujua, na namba yangu ikazidi kwa zaidi kidogo ya nusu dayopta upande wa chanya, kiasi kwamba mgonjwa yule angetoka na miwani inayomfifishia kila kilicho mbali. Mtahini akacheka. Sidhani kwamba alicheka kwa ubaya, lakini kicheko kile ninacho mpaka leo.

Nikaingia meza ya pili nikiwa bado nakisikia. Alikuwapo mgonjwa wa kuigiza, mzee wa miaka hamsini na kitu, akanieleza kwamba tangu jana anaona kama vimulimuli pembeni mwa jicho moja na nzi weusi wanaoelea. Nilimuuliza umri wake, nikamuuliza kama anasoma gazeti kwa shida, nikampa miwani ya kusomea. Huyo ni mtu ambaye huenda retina yake, utando wa ndani nyuma ya jicho, inachanika, na alipaswa kupewa rufaa siku ile ile. Kosa la kwanza nimejisamehe. Hili la pili sijalimaliza.

Nilirudi kwa treni, na kutoka Dodoma hadi Tabora sikuongea na mtu. Mama hakuuliza kitu, alinipa michembe na chai. Mjomba ndiye aliyeuliza, mbele ya wageni, kwa nini sikusomea ualimu kama watu wengine. Miwani anayovaa mjomba leo nimempimia mimi, na anaisifia sana.

Miezi ya kusaga nadharia upya sitaisimulia, haina utamu. Kilichonitoa ni kamba. Nilikata kamba ya katani yenye urefu wa sentimita 67, nikaifunga kwenye retinoskopu ya kuazima, na kila nilipompima mtu nilimpa ncha ya pili aishike kwenye shavu chini ya jicho. Ikilegea, nimesogea. Wagonjwa wangu walikuwa watoto wa mtaani kwetu, na kwa kuwa ulikuwa msimu wa maembe, kila jicho lilikuwa na bei ya embe moja. Watoto ni wagumu, kwa maana wakikutazama usoni jicho lao linajikaza na namba inakudanganya, kwa hiyo nilimweka mtoto mwingine mwisho wa ukumbi akiwa ameshika tochi ndogo, wenzake wamtazame yeye. Baada ya wiki kadhaa mgongo wangu wenyewe ulijua 67 ni wapi.

Sasa niwaambie ukweli, wadogo zangu, na msikasirike. Mnapoteza muda kwenye maswali ya Marekani mnayotumiana kwenye simu. Kule mtihani wa taifa una sehemu tatu, na ya vitendo mtu husafiri mpaka Charlotte, North Carolina, kuifanya. Ule uthibitisho wa bodi ya kule mnaouota ni jambo la hiari linalokuja baada ya leseni. Ninyi hata leseni hamjaipata. Shikeni retinoskopu kila siku. Mhojini mgonjwa kwa sauti, si moyoni, na swali la vimulimuli liwe mdomoni kama salamu. Kisha shikeni retinoskopu tena. Mnasema vifaa hamna, na mimi nasema yangu ilikuwa ya kuazima.

Binti wa Urambo, nyumbani rudi tu, na Jumamosi upande gari uje Tabora mjini. Kamba ile bado ninayo, imekuwa nyeusi kwa jasho. Uje na mtu wako wa kumpima, kwa sababu mjomba amesema yeye kukaa gizani akimulikwa amechoka, na maembe bado hayajaiva.