Usilipie hiyo semina: habari ya magunia yangu 32 ya dagaa

Dogo, usilipe. Kama umeshatanguliza pesa, kaidai leo hii, hata kocha akikukata nusu. Nimesoma uzi wako nikiwa kwenye daladala, foleni ya Mkuyuni hapa Mwanza haisogei, na nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani ndiyo nijibu. Makosa ya herufi mtanivumilia.

Kwa wanaoingia sasa: mleta mada anauza kwenye duka la jumla Makoroboi kuanzia asubuhi, jioni anasoma, Jumatano na Ijumaa yuko mkeshani. Sasa anataka aongeze mazoezi saa kumi alfajiri, nusu saa ya kutafakari na kurasa ishirini za kusoma kila siku, ili mwili, akili na roho viende sambamba. Anaomba tumpangie ratiba. Ameuliza pia habari ya chakula na ya kuogelea ziwani. Halafu anasema kuna kocha wa maisha anayemuuzia semina, amemwambia mtu mwenye ndoto zake usingizi wa saa nne unamtosha.

Hapo ndipo mliponitoa pangoni. Mtu mwenye ndoto! Sasa hizo ndoto ataziota saa ngapi?

Semina ya namna hiyo naijua. Niliilipia shilingi 250,000 mwaka 2021, ukumbini hotelini, chai na sambusa mbili. Kocha alitugawia karatasi yenye duara lililokatwa vipande kama chapati: mwili, akili, roho, familia, pesa, na vingine. Kila kipande unakiandikia saa zake. Tukajaza, tukashangilia, tukapiga picha. Mimi kazi yangu ni uhasibu. Mhasibu jamani, mwenye vyeti ukutani, na sikuona kwamba kwenye lile duara hakuna kipande cha kulala. Ukijumlisha vyote unapata saa 20, na kilichobaki ndicho unalalia. Usingizi ulikuwa salio! Mtu akiniletea ofisini bajeti ambayo mishahara imeandikwa mwisho kabisa, "ikibaki", namrudishia na karatasi yake kabla hajakaa. Huyu nilimpigia makofi.

Baada ya semina tukaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Saa kumi alfajiri kila mtu atume picha ya saa ya ukutani kuthibitisha kwamba yuko macho. Asiyetuma, jina lake linawekewa alama nyekundu. Watu wazima na ndevu zao wanagombea alama ya kijani. Kocha naye alituma ya kwake kila siku bila kukosa. Siku moja nikaikuza: mishale inaonyesha saa kumi kamili, na pazia la nyuma limepigwa na jua hadi linang'aa. Aliipiga saa kumi jioni, akalala zake. Nilinyamaza. Nilishalipa, na mtu aliyekwisha kulipa huwa na imani kubwa sana.

Nikaishi hivyo kama miezi miwili na nusu. Saa kumi macho, kamba naruka, naomba, nasoma, daladala kutoka Buhongwa, ofisi, jioni hesabu za biashara yangu ndogo ya dagaa, watoto na madaftari yao, kitandani saa sita. Ijumaa mkesha. Nilipungua kilo tano watu wakanisifia. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nasahau jina la mwanangu nikiwa namwita.

Ijumaa moja ya Novemba niliamka saa kumi kama kawaida ya "washindi", nikafanya kazi mchana kutwa, usiku nikaingia mkesha, na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri nikapanda bodaboda kutoka kanisani moja kwa moja hadi Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, kuchukua mzigo wa dagaa. Pesa ilikuwa ya kikoba.

Anayeijua Mwaloni anajua gunia la dagaa halinunuliwi kwa macho. Unafungua mdomo wake, unazamisha mkono hadi kwapani, unatoa wale wa chini kabisa. Unatazama kama wanang'aa au wameshageuka njano. Unamvunja mmoja, ukimwona anapinda badala ya kukatika ujue hajakauka. Unanusa. Unakung'uta kiganja uone mchanga kiasi gani. Na vuli ndiyo zaidi, maana mvua ikiwakuta mchangani wanafungwa na unyevu wao, wanapata joto humo ndani, wanavunda. Haya sikufundishwa na kocha, nilifundishwa na mama yangu nikiwa na miaka kumi na mbili.

Siku hiyo nilifungua gunia moja, la juu. Nikaona weupe. Nikakaa juu ya lingine nipumzike dakika mbili. Muuzaji akaniuliza, "Mama, tuendelee kufungua?" Nikamjibu, "Funga tu, pakieni." Ile sauti yangu naisikia mpaka leo. Magunia 32, kila moja 190,000, jumla 6,080,000, nikaituma kwa simu huku nimeikalia mali yenyewe, jicho moja limefumba. Na huyu ndiye mama ambaye ofisini anamrudisha mtu kwa risiti ya elfu tatu isiyo na tarehe.

Mazima yalikuwa tisa. Yale 23, ukiondoa tabaka la juu, ni ukungu na mchanga. Wafuga kuku wa Kisesa walinionea huruma wakayachukua kwa 45,000 gunia. Hata baada ya yale tisa kwenda kwa 220,000, nilibaki na shimo la 3,065,000, sijagusa nauli wala wachukuzi. Muuzaji namlaumu, ndiyo, na akhera tutaonana. Lakini aliniuliza. Aliniuliza kabisa kama aendelee kufungua.

Baadaye sana nikaja kusoma kwamba mwaka 1997 watafiti wawili kule Australia, Dawson na Reid, waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu na watu waliokunywa pombe. Saa 17 bila kulala, mtu anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Akifika saa 24, ni kama ya asilimia 0.10. Hebu nihesabie: saa kumi alfajiri ya Ijumaa hadi saa kumi na moja alfajiri ya Jumamosi ni saa 25. Mimi ambaye sijawahi kuonja hata togwa iliyochacha, nilikwenda Mwaloni mlevi, tena nikitokea kanisani, Biblia kwapani. Chekeni, mimi nimeshacheka sana.

Ungedhani pesa ndiyo iliyoniuma. Hasara yenyewe ilianza Jumatatu.

Mtu aliyelala vizuri angesema, sikufungua magunia, yameisha. Kichwa kisicholala hakitafuti kosa, kinatafuta mtu. Nikalipeleka jambo kwa mama mmoja kwenye kundi letu la maombi. Akaniuliza, "Nani alijua unakwenda Mwaloni siku ile?" Aliyejua ni wifi yangu, kwa sababu alikuwa ameniagiza kilo mbili. Kilo mbili, dogo! Ndiyo ikawa ushahidi. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akasema kuna jicho la karibu limeifunga biashara, na dawa yake ni mikesha mitatu kwa wiki pamoja na mfungo wa siku saba. Mgonjwa wa kukosa usingizi akaandikiwa dozi ya kutolala, na akashukuru, na akatoa sadaka.

Wifi huyo ndiye aliyelala sakafuni wodini siku tatu nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji. Nikaenda sebuleni kwake nikamwambia maneno, watoto wake wanasikia, ambayo siyaandiki hapa. Hakujibu. Alichukua ndoo akatoka nje. Miezi minane hatukusalimiana, na mume wangu akawa kama kivuko cha Kamanga, anakwenda upande ule anarudi upande huu, habari hakuna.

Kocha nilimwandikia kwamba mambo yameharibika. Akanijibu kwa sauti, sekunde kumi na mbili: nimeshindwa kwa sababu "sijajitoa asilimia mia". Halafu akanitumia bei ya semina ya hatua ya pili. Nilitamani kumrushia gunia.

Julai 2022 mume wangu akachoka. Alinichukua likizoni akanipeleka Ukerewe kwa mama yake, yaani kwa mama wa yule yule wifi, fikiria aibu. Mkwe wangu hakuuliza neno. Alinitandikia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akawafukuza kuku dirishani. Siku ya kwanza nililala saa kumi na tatu. Wakaja kunisogeza waone kama napumua.

Ilikuwa mbalamwezi. Msiojua: dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Mwezi ukijaa taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu, wanalala mchana chini ya miembe. Nikamuuliza mzee mmoja, kimbelembele changu cha semina bado kimo, haoni anapoteza pesa siku zote hizo? Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, sasa niende kuumulikia mwezi taa?"

Siku ya tano niko uani napepeta mchele, jambo likanijia wazi kama mtu amenigusa bega. Sikufungua magunia. Mchawi alikuwa mimi, na nilikuwa nimekaa juu ya gunia.

Nilimpigia wifi saa ile ile. Akakata. Nikapiga, akakata. Ya tatu akapokea: "Sema haraka, nina mboga jikoni." Nikajua nimesamehewa nusu. Nusu nyingine naendelea kuilipa kwa awamu, na dagaa ananunua kwa mtu mwingine hadi leo.

Kwa hiyo ratiba uliyoomba, mdogo wangu, sina. Nina mstari mmoja tu, na uuandike wa kwanza kabla ya mazoezi, kabla ya maombi, kabla ya masomo: kulala, saa saba na nusu. Jumuiya za madaktari wa usingizi za Marekani zilipokaa mwaka 2015 zilikubaliana saa saba au zaidi kwa mtu mzima, mimi hiyo nusu nimeongeza kwa sababu ya mbu. Zinabaki saa 16 na nusu. Humo ndimo duka, masomo, Mungu na kuruka kamba vigombanie nafasi. Kitakachokosa nafasi kikose. Utaona chenyewe kipi ulikuwa unakifanya kwa ajili ya picha.

Mkesha sijauacha, msianze. Naenda mmoja kwa mwezi, na Jumamosi yake sinunui kitu, siendeshi kitu, hata luku analipa mume wangu. Na anayetaka kuniambia nimepoa kiroho anikumbushe malaika alimletea nini Elia pale chini ya mretemu, alipochoka hadi akaomba afe. Hakumletea mfungo. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na anywe maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Habari hiyo niliwahi kuifundisha mwenyewe, nikiwa nasinzia. Jirani yangu shekhe naye ananiambia kwao mwili una haki yake juu ya mwenye mwili, nayo inadaiwa.

Ila nikutenganishie kitu: mimi nilikuwa najinyima. Kama wewe unakwenda kitandani mapema na usingizi hauji wiki baada ya wiki, au unaamka usiku wa manane moyo unakwenda mbio, hilo ratiba hailiwezi. Nenda hospitali, useme yote, na presha upime hukohuko.

Tumefika Nyegezi. Kuogelea ziwani, hapana. Kichocho. Konokono wanaokibeba wanakaa kwenye majani ya pembeni, pale pale unapotaka kuingilia, na kinapenya ngozi bila hodi. Kama umeshaoga humo kapime, dawa yake ipo. Unataka mazoezi, panda Isamilo kwa miguu, mawe ni ya bure na hakuna atakayekudai picha.

Chakula sikumbuki uliulizaje, na uzi umesogea juu siwezi kurudi. Wengine watakujibu. Nimefika Buhongwa, konda anagonga bati. Nilisema pesa kaidai leo, lakini saa hizi hatapokea simu. Kaidai kesho, ukishalala.