Paneli ya mbao haipigwi gundi

Simu ilipigwa mwezi wa nane. "Fundi, njoo uone milango yako," mama mwenye nyumba akasema, akakata. Kabati lake la jikoni, kule Mbezi Beach, nilikuwa nimelifunga mwezi wa tano, masika bado yananyesha. Nilipofika nikakuta milango mitatu kati ya minane imepasuka katikati, juu hadi chini. Ufa wa mmoja ungeingiza sarafu ya shilingi 200. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mbao zilikuwa mbovu, fundi?"

Mbao zilikuwa nzuri: msindano wa Mafinga, umenyooka, hauna vifundo. Kosa lilikuwa langu. Nilizipaka paneli, yaani ule ubao mpana wa katikati ya mlango, gundi pande zote nne kabla ya kuziingiza kwenye fremu, halafu nikapiga na vimisumari kwa nyuma, nikiamini naongeza uimara. Naandika haya kwa sababu bado naona vijana wengi kwenye karakana za Keko, Dar es Salaam, wakifanya vilevile, na mteja ndiye anayeumia.

Ubao hata ukikauka unaendelea kunywa na kutoa unyevu wa hewa. Kwa urefu wa nyuzi hakibadiliki kitu cha kuonekana. Kwa upana ndiko kwenye kazi. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huutuliza ubao kwenye unyevu wa karibu asilimia 16. Hewa ikiwa asilimia 50, ubao hushuka hadi 9 hivi. Hesabu ninayotumia ni hii: kila unyevu wa ubao unaposhuka kwa pointi 4, upana hupungua karibu asilimia 1, kwa ubao uliopasuliwa kawaida. Paneli za yule mama zilikuwa na upana wa milimita 420. Zilitoka karakana yangu zikiwa zimeshiba masika, zikaingia kwenye jiko lililoungana na sebule inayowashwa AC kutwa. Zikashuka pointi 7 na zaidi. Hizo ni milimita 7 zilizotaka kupungua, na mimi nilikuwa nimezibana kwa gundi. Ubao ukikosa pa kwenda hupasuka.

Ndiyo maana wazee walibuni mlango wa fremu na paneli. Angalia vizuri fremu yenyewe: vipande viwili vya kusimama, viwili vya kulala. Vya kulala vinavuka upana wa mlango kwa urefu wa nyuzi zake, kwa hiyo havirefuki wala havifupiki. Kinachobadilika ni upana wa vile viwili vya kusimama tu. Vikiwa na milimita 60 kila kimoja, mlango mzima unacheza milimita 2 tu, na nafasi ya kawaida kati ya milango inatosha kuzimeza. Paneli, ambayo ndiyo pana, inaelea ndani ya mfereji uliochongwa kwenye kingo za ndani za fremu, bila mtu kuona.

Mfereji naukata kina cha milimita 12. Hapa msimu ndio unaoamua. Nikiunganisha wakati wa masika, paneli imeshavimba, kwa hiyo naiacha iingie karibu mpaka chini ya mfereji, nikibakiza milimita 1 au 2 kila upande. Nikiunganisha kipupwe, mwezi wa saba hivi, nabakiza milimita 4, maana itavimba mvua zikirudi, na isipokuwa na nafasi itasukuma fremu mpaka kona zifunguke. Hilo nalo limeshanikuta. Gundi naweka kwenye viungo vya kona za fremu tu. Kwenye paneli ni tone moja katikati ya ukingo wa juu na tone moja katikati ya ukingo wa chini, ili ipungue sawa kulia na kushoto isiegemee upande mmoja. Futa gundi yoyote inayotiririka toka kwenye kona kuingia mferejini. Hiyo kidogo tu inatosha kuishika.

Paka paneli rangi au vanishi kabla ya kuifunga kwenye fremu. Ukipaka baadaye, kiangazi kikija utaona mstari mweupe pembeni pale ilipojivuta. Na paka nyuma kama ulivyopaka mbele, tafadhali. Mlango uliopakwa mbele tu hunywa unyevu kwa nyuma na kujikunja kama sahani.

Kama huna kipima unyevu, kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mzani wa jikoni kila siku mbili ndani ya karakana. Uzito ukiacha kushuka, mbao zako zimetulia. Hapo ndipo pa kuanza kupiga randa.

Kwa mteja anayetaka mlango wa ubao mtupu bila fremu, namshauri mninga, mti unaotulia kuliko mingi niliyoshika. Bei yake inauma, ni kweli. Nyuma naweka vipande viwili vya kuvuka bila gundi, na matundu ya skrubu kwenye vipande hivyo nayafanya marefu, isipokuwa lile la katikati, ili ubao uteleze. Na mteja akitaka rangi nyeupe ya kung'aa, simpi paneli ya mbao kabisa. Namwekea plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), maana rangi hupasuka mahali paneli inapokutana na fremu hata ufanye nini.

Siku hizi kazi nyingi zinakwenda Dodoma, na hewa ya kule ni kavu kuliko ya kwetu huku pwani. Oda ya Dodoma naikaushia mbao kwenye chumba chenye AC wiki kadhaa kabla ya kugusa msumeno, na namwambia mteja mapema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa.

Milango minane ya yule mama niliirudia yote, kwa gharama yangu.