Jengo la maduka si ngome ya kudumu

Umeuliza kama jengo kubwa la maduka lingefaa kuwa ngome mazombi wakivamia mji. Kwa siku chache, ndiyo. Kwa miezi, hapana, na tatizo kubwa si chakula, ni milango.

Majengo haya yamejengwa ili watu waingie kwa urahisi: vioo mbele, milango kila upande, maegesho chini, na kule nyuma pana sehemu ya kushushia mizigo ambayo wengi huisahau. Watu wachache hawawezi kulinda yote hayo usiku na mchana. Afadhali mchague duka moja la ghorofa ya juu lenye geti la chuma, mzibe ngazi, na muwe na njia ya kutokea paani.

Halafu maji. Umeme ukikatika pampu husimama, kwa hiyo jazeni kila ndoo mapema. Viwango vya misaada ya dharura huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na usafi pamoja. Watu 20 ni lita 300 kila siku! Kuhusu chakula, friza iliyojaa hubaki na ubaridi kama saa 48 isipofunguliwa, basi anzeni kula vyakula vya kwenye friji, kisha vya friza, makopo mwisho.

Binafsi naogopa zaidi watu walio hai. Kila mtu mjini anajua chakula kiko wapi. Ningechukua dawa, viatu imara na makopo, nikaondoka kabla wiki haijaisha.