Muulize Fundi: Django inasema imemaliza, kolamu mbona haipo?

SWALI: Fundi za kazi? Nina mfumo wa duka nimeujenga kwa Django (ile fremu ya Python ya kujenga tovuti), databesi ni PostgreSQL. Juzi naongeza fildi ya punguzo kwenye modeli ya Bidhaa nikaona faili za maigresheni (zile zinazoiambia databesi meza zibadilike vipi) zimejaa mno, nikafuta zote, nikarun makemigrations, amri ya kuzitengeneza, ikanipa 0001_initial moja safi. Kwenye laptop nilifuta na databesi kabisa nikaanza upya, fresh. Sasa kwenye seva ya mteja nikirun migrate, ya kuzipitisha kwenye databesi, inajibu "No migrations to apply" halafu ukurasa wa bidhaa unakufa, unasema column duka_bidhaa.punguzo does not exist. Mteja anapiga simu hadi naogopa kupokea. Nifute databesi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Weee usifute kitu, humo kuna mauzo ya mtu! Piga bakapu kwanza na pg_dump ndo tuendelee.

Django haijakudanganya, sema inachokijua ni kidogo. Daftari lake ni meza ya django_migrations. Ingia psql (pa kuandikia amri za PostgreSQL) uandike SELECT * FROM django_migrations WHERE app = 'duka'; uone mwenyewe, kuna id, jina la app, jina la faili, na tarehe na saa ilipopitishwa, basi. Yaliyokuwemo ndani ya faili hayajaandikwa popote, wala haiendi kuchungulia meza ya bidhaa kama kolamu ipo au haipo. Ni daftari la mahudhurio tu lile, jina likishatiwa tiki mtu anahesabiwa yupo. Seva ya mteja ina 0001_initial tangu siku ulipoufunga mfumo, wewe umeleta faili jipya lenye jina lilelile, imekuta jina lipo ikapita zake, na punguzo ndo lilikuwa humo ndani. Laptop ilikubali kwa sababu ulilifuta na daftari lenyewe. (Rails, fremu ya watu wa Ruby, nao meza yao ya schema_migrations inashika namba ya toleo tu, ila Flyway, zana ya maigresheni ya watu wa Java, inatunza checksum ya kila faili, yaani namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ungebadilisha ingekugomea palepale.)

Kama faili za zamani ziko git (inakotunzwa historia ya kodi), zirudishe tu, halafu makemigrations itakutolea faili dogo la punguzo peke yake na migrate italipitisha. Databesi ya laptop ifute tena. Na kama ni wale mnaoweka folda ya migrations kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo git isivitunze, sijui huwa mnafundishwa na nani, basi njia ni ndefu kidogo: iondoe punguzo kwenye modeli kwa muda, na chochote kingine ambacho seva haina, modeli zifanane na meza za mteja kama zilivyo, futa 0001 yako mpya utengeneze nyingine. Hiyo sasa inalingana na tiki iliyopo. Kisha run migrate duka --prune, ipo kuanzia Django 4.1, inafagia majina ya faili ambazo hazipo tena, maana ukiyaacha siku utatengeneza faili likagongana jina na la zamani, yakukute yaleyale. Hapo ndo unarudisha punguzo, ukiipa default (thamani ya kuanzia) au null (ruhusa ya kuwa tupu) kwa ajili ya bidhaa zilizomo tayari, unarun makemigrations, unaangalia sqlmigrate duka 0002, inayokuonyesha SQL ya faili bila kuipitisha, kama kweli kuna ADD COLUMN "punguzo", ndo unapitisha.

Kuna mtu atakwambia tumia --fake. Hiyo inatia tiki bila kugusa meza, na wewe shida yako ni tiki ipo kolamu haipo, sasa inakusaidia nini?

SWALI: Mimi na mwenzangu kila mmoja katengeneza 0007 yake, tulipounganisha kodi Django ikagoma inasema Conflicting migrations. Nibadilishe namba ya yangu iwe 0008?

JIBU: Namba haiangalii hiyo, inaangalia dependencies zilizo ndani ya faili, yaani faili lipi lazima litangulie, na zenu zote mbili zinaitegemea 0006. Run makemigrations --merge itengeneze faili la kuziunganisha. Ila kama nyote mmegusa fildi ileile, kaeni kwanza mkubaliane ipi inabaki.