Mchoro wa Marino Marini una madoa: niufute kwa jiki?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Milano. Nimenunua mnadani mchoro wa karatasi wa farasi na mpandaji wake, wino mweusi na rangi nyekundu, una sahihi "Marino" (yaani Marino Marini, mchongaji na mchoraji wa Italia) na mwaka 1947. Umejaa madoadoa ya kahawia, na nyuma una selotepu. Naweza kuyafuta kwa pamba yenye jiki? Na nitajuaje kama ni kazi ya mkono au ya kuchapwa?

JIBU: Jiki irudishe bafuni, ndugu yangu. Tuanze na swali lako la pili, maana ndilo linaloamua la kwanza.

Tafuta lenzi inayokuza mara 10. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kwa mpangilio, hiyo ni picha iliyotolewa kiwandani. Usipoona vitone, angalia wino wenyewe. Kwenye kazi ya mkono wino huwa mzito pale brashi iliposimama na mwepesi ilipokimbia. Sasa zima taa za chumbani, laza tochi ubavuni mwa karatasi: nyekundu ya guashi (rangi nzito ya maji) itaonekana imekaa juu ya karatasi, ina unene wake, pengine na nyufa. Litografia, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe, haina mwinuko huo, na mara nyingi pembeni ina namba ya penseli kama 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50. Usikate tamaa ikiwa ni litografia. Marini alichapa nyingi, na zina wanunuzi wake.

Jaribu pia taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti bandia. Kemikali za kung'arisha weupe zilienea viwandani mwa karatasi kuanzia miaka ya 1950 hivi. Karatasi ya 1947 ikiwaka buluu kali, huo mwaka ulioandikwa una walakini.

Sasa usafi. Mwaka huo wa 1947 Marini alikuwa amerudi Milano baada ya kukimbilia Uswisi wakati wa vita. Karakana yake ilikuwa imelipuliwa kwa mabomu. Wapandaji wake wa kabla ya vita walikaa wima, watulivu. Baada ya vita farasi wananyoosha shingo, mpandaji anatanua mikono, na kufikia miaka ya 1950 anaanguka kabisa. Hofu hiyo imo kwenye mikwaruzo, michirizi na rangi iliyopakwa juu ya rangi. Kwa hiyo baadhi ya unachokiita uchafu huenda ni mkono wake mwenyewe. Nimeshaona mchoro wa wino uliosafishwa ukawa nadhifu kama kadi ya harusi, na hauna tena cha kutazama.

Guashi hushikiliwa na gundi inayoyeyuka majini, hivyo pamba yenye maji tu inatosha kuing'oa. Jiki ni mbaya zaidi: hula nyuzi za karatasi, na kuiondoa yote kunahitaji kuosha kwa maji mengi, jambo ambalo guashi haitalistahimili. Madoa ya kahawia kwa kawaida hutokana na unyevu, kuvu au chembe za chuma ndani ya karatasi. Yakiwa makavu hayana haraka. Ukiona manyoya ya ukungu, tenga mchoro mahali pakavu, usiyapanguse.

Selotepu usiivute, itaondoka na ngozi ya karatasi. Mpelekee mhifadhi wa karatasi.

Unachoweza kufanya leo ni kuuondoa kwenye kadibodi ya zamani, kama haijagandishwa kwa gundi, na kuuweka juu ya kadibodi isiyo na asidi, kioo kisiguse rangi. Usiutundike juu ya hita wala kwenye ukuta wa nje. Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50, mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga).

Kadibodi hiyo usiitupe: lebo na mihuri ya nyuma ndiyo historia ya umiliki. Ipige picha pamoja na mbele, nyuma na sahihi, kisha waandikie Fondazione Marino Marini, taasisi ya msanii huyo, huko Pistoia, mji alikozaliwa 1901, kabla hujamruhusu yeyote kuugusa mchoro.