Je, askari wa kiume anaruhusiwa kumpekua mwanamke?

SWALI: Mhariri, basi tulilokuwa tukisafiria usiku lilisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, nasi abiria tukaamriwa kushuka ili tupekuliwe kwa tuhuma za magendo. Askari wote walikuwa wanaume. Mmoja wao alipekua mkoba wangu, kisha akanipapasa kiunoni na mapajani. Nilipolalamika, alijibu kwamba zamu hiyo haikuwa na askari wa kike. Je, alikuwa na haki? Kaka yangu naye anauliza kama mwanamume anaweza kupekuliwa na askari wa kike. (Msomaji, jina limehifadhiwa)

JIBU: Kuhusu mkoba, huenda askari huyo hakukosea. Upekuzi wa mkoba, begi au gari ni upekuzi wa mali, na iwapo askari ana sababu za msingi za kushuku, jinsia yake haina uzito mkubwa. Mwili ni suala jingine kabisa. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya, Tanzania na India zina masharti yanayofanana karibu neno kwa neno, yaliyorithiwa tangu enzi za utawala wa Waingereza: inapolazimu mwanamke apekuliwe, apekuliwe na mwanamke mwenzake, na staha izingatiwe kikamilifu.

Sharti hilo halikuweka msamaha kwa kituo chenye upungufu wa askari wa kike. Zaidi ya hayo, linataja mwanamke mwingine, si lazima awe askari, kwa hiyo afisa aliyekosa mwenzake wa kike kwenye zamu bado alikuwa na njia: kusubiri aletwe kutoka kituo kingine, au kumtafuta mwanamke mwingine anayefaa kuifanya kazi hiyo. Kwa maoni yangu, jibu ulilopewa lilikuwa kisingizio, tena dhaifu, kwa kuwa anayepanga kuweka kizuizi cha kupekua abiria wa basi anajua tangu mwanzo kwamba miongoni mwao watakuwamo wanawake.

Hata hivyo, si kila nchi iliyoweka mpaka mahali hapo. Nchini Uingereza, chini ya sheria ya mamlaka ya polisi ya mwaka 1984 na kanuni zake, askari wa jinsia yoyote anaweza kumpapasa mtu barabarani juu ya nguo zake. Lakini akitaka avue zaidi ya koti, jaketi, glavu, kofia au viatu, lazima mpekuzi awe wa jinsia moja naye, na wa jinsia nyingine wasiwepo karibu. Mtu akishafikishwa kituoni, anayempekua mwili lazima awe wa jinsia yake, awe mwanamume au mwanamke.

Hapo ndipo swali la kaka yako linapopata nguvu. Masharti niliyotaja mwanzoni yanamlinda mwanamke kwa maneno ya wazi na kumnyamazia mwanamume, lakini ukimya huo si ruhusa ya kumdhalilisha. Mwaka 2001 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika shauri la Valašinas dhidi ya Lithuania, iliamua kwamba kumvua nguo zote mfungwa wa kiume mbele ya afisa wa kike kulikuwa ni kumtweza. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 kwa ajili ya watu walio kizuizini, nazo zinataka upekuzi wa kuvuliwa nguo ufanyike faraghani, na watumishi waliofunzwa wa jinsia moja na anayepekuliwa, na ule wa ndani ya mwili uachiwe wataalamu wa afya. Kwa hiyo kaka yako akipapaswa mifukoni na askari wa kike, malalamiko yake huenda yasifike mbali. Akivuliwa nguo mbele yake, ana hoja nzito.

Usitarajie, lakini, kwamba kosa la mpekuzi litafuta kesi moja kwa moja iwapo kitu haramu kimepatikana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, inamtaka hakimu aukatae ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za msingi pale tu ambapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutadhuru utoaji wa haki kwa namna nyingine.

Likikutokea tena, usimsukume askari wala usikimbie, kwani unaweza kufunguliwa shtaka la kumzuia afisa kutekeleza kazi yake. Sema kwa sauti ambayo abiria wenzako wataisikia kwamba hukatai kupekuliwa, bali unaomba mpekuzi mwanamke. Kwa tukio lililokwisha kupita, andika sasa tarehe, saa, mahali, namba ya askari kama uliiona, na majina ya abiria walioshuhudia, kisha upeleke malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa kituo au kwa chombo kinachosimamia mienendo ya polisi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.